Msimbazi Wangu Umekataliwa Chooni

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu watatu, kadi ya mpiga kura na suruali ya kitambaa. Mtu wa namna hiyo hakustahili kuonekana jana saa nne asubuhi akikatiza stendi nzima ya mabasi huku amebana magoti.

Maharage ya mama ntilie yalikuwa yameitisha maandamano tumboni. Nikafika chooni, nikamnyooshea binti wa mlangoni msimbazi wangu mwekundu wa elfu kumi, nikijiandaa kuambiwa hakuna chenji.

"Baba, siku hizi hatupokei keshi. Lipa namba ile pale ukutani."

"Mwanangu, si ni mia tatu tu?"

"Ndiyo baba. Mia tatu kwa simu."

Simu ikanijibu salio halitoshi. Binti akanielekeza kwa wakala.

Sasa hebu fikirieni. Pesa ninayo. Nimpelekee mtu aigeuze isionekane, kisha nimrudishie binti aliyeikataa ilipokuwa inaonekana! Wakala wa kwanza kaenda kunywa chai. Wa pili: "Mzee, floti imeisha." Imeishaje, na mimi ndiye ninayekuletea pesa? Kwa wa tatu nikamkuta mama anaweka pesa za kikoba, sarafu tupu, anahesabu mia mbili mbili. Nikamwomba nipite. Akanitazama usoni, akashuka taratibu mpaka magotini. "Pita baba, pita haraka."

Nikarudi. Namba ya siri nikakosea. Mara ya pili nikapatia, mtandao ukaanza kuzunguka. Binti anasema ujumbe haujaingia. Hapo heshima ikaniisha, nikainua msimbazi mwingine juu: "Soma! Si imeandikwa halali kwa malipo? Na huyu tembo je? Huyu tembo ni wa serikali!"

Kijana wa bodaboda nyuma yangu akasema, "Mzee, tembo hana lipa namba."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Kucheka wakati ule kulikuwa na gharama zake.

Akanilipia yeye, Mungu ambariki. Nilipotoka nikampa ile elfu kumi akate mia tatu yake. Hakuwa na chenji, akanirushia iliyobaki kwenye simu. Muamala! Tangu tozo za miamala ya simu za Julai 2021, mimi nikilisikia hilo neno napapasa mfuko.

Na Machi 2025 si tulitangaziwa bei zote ziwe kwa shilingi, dola marufuku? Nilipiga makofi. Kumbe shilingi iliokolewa mikononi mwa dola ije ikataliwe chooni. Shemeji yangu wa Oslo anasema huko Norway, tangu Oktoba 2024, sheria imekaza mwenye duka apokee keshi. Hao ndio wenye mtandao usiokatika!

Kanisani nako wamebandika lipa namba. Zamani buku la elfu moja ulilikunja kiufundi, mtu wa pembeni akadhani ni msimbazi. Sasa mhazini anaona kila kitu, na jina lako juu.

Ndiyo maana nina kibubu. Hakiulizi namba ya siri. Ila tangu Jumapili nakiona chepesi. Mke wangu anasema ni panya. Panya gani anakula sarafu za mia tano, za hamsini anaziacha? Halafu juzi nikamwona na kitenge kipya. Nikamuuliza amelipaje.

"Keshi," akasema.