Mkono Unaozunguka Si Pambo

Anayeanza Wing Chun, sanaa ya mapigano ya Kichina, hufundishwa huen sau, yaani mkono unaozunguka, mapema mno, na pengine ndiyo sababu huidharau. Katika Siu Nim Tau, kata ya kwanza kabisa, yaani mfululizo wa mienendo iliyopangwa, ngumi inatoka, kiganja kinafunguka, kifundo cha mkono kinazunguka, vidole vinakunjwa, mkono unarudi ubavuni. Mzunguko huo unajirudia humo mara nyingi, na wengi wetu tuliupitia mbiombio kama mtu anayeitikia amina kabla dua haijaisha. Tuliambiwa ni wa kulainisha kifundo na kukaza kigasha. Ni kweli, unafanya hivyo. Lakini kuuachia hapo ni kuunyima haki yake.

Mimi niliuelewa siku niliyokamatwa. Mwenzangu wa mazoezi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Akikushika mkono, umeshikwa. Nilivuta. Nikavuta tena kwa bega zima, naye akanifuata tu huku mkono wake wa pili ukiwa huru kunipiga. "Kaka, usivute. Zunguka," akaniambia. Nikasogeza kiwiko mbele kidogo, kumwelekea yeye, kiganja kikazunguka mkono wake na kutokea upande wa dole gumba, pale ambapo vidole vyake vinne havina la kufanya. Mkono ukachomoka, tena ukachomoka ukiwa tayari ndani ya ulinzi wake, mbele ya kifua chake. Ukivuta, hata ukifaulu, unarudi nyuma na kuanza upya. Ukizunguka, umeshafika.

Ila nisimdanganye mtu: hii inafaa vidole vinapoanza kufunga. Mtu mwenye nguvu akishakaza, mshtue kwanza kwa mkono mwingine au kwa hatua, ndipo uzunguke.

Matumizi ninayoyapenda zaidi yako kwenye chi sau, zoezi la watu wawili, mikono inapogusana na kila mmoja anapapasa nia ya mwenzake. Mkono wangu uko nje ya wake, njia ya kwenda katikati imezibwa. Nikishindana naye kwa nguvu, mzito ndiye atakayeshinda. Badala yake naacha msukumo wake upite, kifundo changu kinaviringika juu ya chake bila kuachana naye hata kidogo, na mkono uliokuwa nje sasa uko ndani. Hapo ngumi au kiganja kinafuata mara moja. Nasisitiza hilo la kufuata, kwa sababu huen sau yenyewe haimuumizi mtu. Ni mlango, na aliyefungua mlango akabaki kusimama kizingitini atapigwa palepale.

Kosa kubwa ninaloliona ni duara kubwa. Mtu anazungusha mkono mzima kama anakoroga uji, kiwiko kinatanuka, mbavu zinabaki wazi. Mwenzangu aliwahi kuniambia kiwiko changu kilimpa taarifa kabla ya mkono. Mtazame Ip Man, mzaliwa wa Foshan aliyeufundisha mchezo huu Hong Kong, katika filamu aliyopigwa mwaka 1972, mwaka huohuo aliofariki. Mzee amedhoofu, na bado kiwiko kimetulia mahali pake. Kinachozunguka ni kifundo. Mpinzani ahisi tu kwamba alichokuwa anakiegemea hakipo tena.

Wapo wanaoifundisha kama dawa ya kisu. Mimi siikubali hata kidogo. Kuviringisha kifundo chako kando ya makali ni kuuza mishipa yako bure, na anayemfundisha kijana hivyo anamweka hatarini.

Siku hizi kabla ya kata tunafanya hivi: mmoja anafumba macho, mwingine anamshika au kumsukuma kigasha, polepole, kwa kubadilisha upande bila kutangaza. Dakika kumi kila mkono. Aliyefumba macho haruhusiwi kuzunguka mpaka ahisi msukumo, maana anayezunguka kabla ya kusukumwa anakisia tu. Wiki iliyopita fundi wangu alinisukuma, nikazunguka, akasita. Akanishika tena, safari hii kwa nguvu zaidi, akasema, "Rudia."