Flashi ya Wati-sekunde 600 Ndani ya Chumba cha Mita Tatu

Anayetaka kugeuza chumba cha nyumbani kuwa studio huanza na swali la nguvu: anunue flashi ya wati-sekunde (kipimo cha nishati ya mmweko mmoja) 200, 400 au 600? Wapo wanaoshikilia kwamba nguvu haizidi, kwa kuwa flashi kubwa unaweza kuipunguza, ilhali ndogo huwezi kuikuza. Wapo wanaosema chumba kidogo hakihitaji hata flashi ya studio, na kwamba zile ndogo zinazokaa juu ya kamera zinatosha, au taa za LED zinazowaka muda wote. Kila upande una hoja za kweli. Tatizo ni kwamba mabishano haya huendeshwa kwa kutazama namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi, na katika chumba kidogo namba hiyo ndiyo yenye umuhimu mdogo kuliko zote.

Tuanze na hesabu. Chukua flashi ndogo ya kamera, yenye wati-sekunde 70 hivi. Ikiwa imefunguliwa kwa upana wa lenzi ya milimita 35, namba yake ya mwongozo (umbali kwa mita ukizidishwa na namba ya f) kwa ISO 100, yaani kamera ikiwa na wepesi mdogo wa kupokea mwanga, huwa karibu 36. Maana yake, ikiwa uchi, umbali wa mita 1 ungedai tundu la lenzi la f/36 (namba ikikua, tundu hupungua). Iingize kwenye softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) yenye vitambaa viwili na itapoteza stopu 2 hadi 3, kila stopu ikiwa nusu ya mwanga, yaani mwanga utabaki robo au hata thumuni yake. Bado unapata karibu f/16 kwa nguvu kamili. Kwa picha ya uso ya f/8 umbali huohuo, robo ya nguvu inatosha: kama wati-sekunde 18. Na ukitaka f/2.8 ili mandhari ya nyuma iyeyuke, unashuka stopu 3 nyingine, hadi wati-sekunde 2 na kitu.

Sasa leta flashi ya studio ya wati-sekunde 600 ambayo kiwango chake cha chini ni 1/32 ya nguvu kamili. Kiwango hicho ni wati-sekunde 19 hivi. Kwa hiyo mahali inapoishia kushuka ndipo f/8 inapoanzia. Mwenye flashi hiyo hawezi kupiga kwa f/2.8 bila kufunga kichujio cha giza cha stopu 3 mbele ya lenzi, na kichujio hicho huweza kutia giza kwenye dirisha la kutazamia na kuifanya kamera ihangaike kufokasi. Kusogeza taa mbali hakusaidii sana. Kutoka mita 1 hadi mita 2 unapunguza stopu 2 tu, na chumba cha mita 3 kinakuwa kimeshakwisha. Zaidi ya hapo, mwanga ulioutaka laini unakuwa mkali, kwa sababu softiboksi ileile ikiwa mbali inaonekana ndogo mbele ya uso.

Watetezi wa nguvu kubwa wana jibu hapa, na ni jibu zuri. Flashi nyingi za sasa hushuka hadi 1/128 au 1/256. Ya 600 inayofika 1/256 inatoa wati-sekunde 2.3, karibu sawa na ya 200 inayofika 1/128, ambayo hutoa 1.6. Kwa hiyo kosa halimo katika ukubwa wenyewe, limo katika kununua bila kuuliza flashi inashuka hadi wapi. Soma mstari huo wa maelezo kwanza, ugawanye mwenyewe, na kama jibu linazidi wati-sekunde 3, jua kwamba picha za tundu pana zitakusumbua.

Nguvu ya akiba pia ina faida zinazoonekana kila siku. Flashi ya 400 inayofyatuliwa kwa robo hujichaji upya kwa sehemu ndogo ya sekunde, wakati flashi ndogo ya betri nne inayofanyishwa kazi kwa nguvu kamili inaweza kuchukua sekunde 2 hadi 5, na baada ya mipigo mfululizo hujizima au hujipunguza mwendo ili isiungue. Hapo ndipo zinapotokea zile picha zenye giza zisizo na sababu: umebonyeza kabla kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa mmweko, haijajaa. Kwa picha za bidhaa hoja ya nguvu huwa nzito zaidi. Vito au chupa hudai f/11 hadi f/16 ili vitu vyote viwe wazi, na mwanga wake hupitishwa tena kwenye karatasi au kitambaa cha kuulainisha. Kutoka f/8 hadi f/16 ni stopu 2, kitambaa cha ziada ni stopu nyingine 1 au zaidi, na zile wati-sekunde 18 za mwanzo zinageuka 150. Flashi ndogo hapo imeishiwa pumzi.

Kinachosahaulika upande wa flashi kubwa ni uzito. Kichwa cha 600 huwa na kilo 2 na nusu hadi 3, na softiboksi inaongeza kilo nyingine. Katika chumba chembamba taa inabidi ining'inizwe kwa mkono wa pembeni, kwa kuwa miguu ya stendi haina pa kukaa. Kilo 4 kwenye ncha ya mkono wa mita 1 na nusu juu ya kichwa cha mtu zinahitaji stendi nene na uzito wa kutosha upande wa pili. Hili si jambo la kubahatisha. Mifuko ya mchanga inunuliwe siku moja na taa.

Taa za LED zimepata wafuasi wengi, na hazistahili kubezwa, lakini wati zake zisichanganywe na wati-sekunde. Kwa shata (pazia la ndani ya kamera) iliyo wazi kwa 1/200 ya sekunde, taa ya wati 200 inatumia juli 1 tu ya umeme, yaani wati-sekunde 1, kabla shata haijafunga. Flashi ya 200 hutoa juli zake zote 200 ndani ya muda huohuo. LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, kwa hiyo pengo si lote hilo, lakini linabaki zaidi ya stopu 6. Ila kumbuka kwamba chumba kidogo hakikuhitaji juli 200. Kilihitaji 18. Ukipandisha ISO hadi 400, ukafungua hadi f/5.6 na ukashusha shata hadi 1/125, LED ya wati 200 karibu na uso inaweza kukupa picha safi kabisa, na unaona kivuli kinapoangukia kabla hujapiga. Kwa anayepiga pia video, au vitu visivyosogea, hiyo ni hoja ya kutosha.

Kwa watu mizani inahama. Mtu aliyekaa mbele ya LED kali kwa nusu saa hukunja macho, na mboni zake hujifunga hadi kuwa nukta. Flashi hupiga haraka kuliko mboni inavyoweza kujibu, kwa hiyo ukiiacha taa yake ya mwongozo (ile inayowaka muda wote kukuonyesha vivuli) ikiwaka kwa kiasi, macho hubaki mapana. Mtoto asiyetulia atatoka na ukungu wa mwendo kwenye 1/125, wakati mmweko mfupi humgandisha. Na LED hushindana na mwanga wa dirishani. Flashi kwa f/8 na 1/160 huufuta. Kwa picha za watu, hukumu yetu ni flashi, bila kusita sana.

Lakini chumba chenyewe ndicho kinachoamua zaidi ya taa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Pima dari kabla ya kununua softiboksi. Mtu aliyesimama, macho yake yakiwa mita 1.6 kutoka sakafuni, taa ikiwa mita 1 mbele yake na imeinuliwa nyuzi 30, kitovu cha taa kinafika mita 2.2. Softiboksi ya duara ya sentimita 120, ikiwa imeinamishwa kumwelekea, ukingo wake wa juu utadai mita 2.7. Dari ya mita 2.5 imeshaigomea. Hata ya sentimita 90 itagusa, mpaka uisogeze hadi sentimita 80 kutoka usoni. Mkalishe mtu huyohuyo kwenye stuli, macho yashuke hadi mita 1.2, na ile ya 120 inaingia na nafasi inabaki. Stuli ni kifaa cha mwanga kama vifaa vingine.

Umbali wa kamera nao una hesabu yake. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) iliyosimamishwa wima, kumpata mtu mzima mwenye nafasi kidogo juu na chini, jumla mita 2.2, lenzi ya milimita 50 inahitaji mita 3 na ya 85 inahitaji zaidi ya mita 5. Ongeza mita 1 na nusu kati ya mtu na pazia la nyuma, na nusu mita ya mpiga picha kusimama. Chumba cha mita 4 basi ni chumba cha picha za uso na nusu mwili. Hakuna flashi itakayobadilisha hilo, na ni afadhali kulikubali mapema kuliko kununua karatasi ya nyuma ya mita 2.7 ambayo haitapata ukuta wa kuikunjua.

Kuta nyeupe ni rafiki na adui kwa wakati mmoja. Mwavuli unaopitisha mwanga humwaga nuru pande zote, ukuta unairudisha, na vivuli vyote vinajaa. Anayetaka picha angavu za familia atapenda. Anayetaka uso wenye kina atashangaa kwa nini taa yake moja inafanya kazi kama nne. Dawa yake ni kitambaa cheusi kisichong'aa, cha mita 2 kwa 3, kilichotundikwa upande wa kivuli, na softiboksi yenye wavu wa kitambaa mbele. Ukuta wa rangi ni mbaya zaidi. Ukuta wa kijani hupaka kijani upande wa kivuli pekee, na ukirekebisha rangi kwenye kompyuta, upande mwingine wa uso unaharibika. Hapo kitambaa si hiari.

Ukaribu wa kuta una upande wake mzuri pia. Taa ikiwa nusu mita kutoka usoni na ukuta mita 1 na nusu nyuma ya mtu, ukuta unapokea mwanga pungufu kwa stopu 4. Ukuta mweupe unatoka kijivu kizito, bila kununua pazia la kijivu. Taa hiyohiyo ikisimama mita 2, tofauti inashuka hadi stopu 1.6 na ukuta unarudi kung'aa. Ndiyo maana katika chumba kidogo taa inayoweza kushuka chini sana ina thamani: ni yenyewe inayokuruhusu kuileta karibu hivyo. Tahadhari ni kwa watu wawili. Aliye nusu mita na aliye mita 1 wanatofautiana stopu 2 nzima, na mmoja wao ataonekana kama yuko chumba kingine.

Flashi ndogo ya kamera inabaki kuwa mwanzo wa haki kwa mwenye bajeti finyu, mradi ajue kasoro yake. Kichwa chake hutupa mwanga mbele kwa pembe nyembamba, kwa hiyo katikati ya softiboksi panawaka na kingo zinabaki hafifu. Weka zumu kwenye upana wa mwisho na ufunike kwa kofia yake ya plastiki. Pia haina taa ya mwongozo ya maana, na unapanga vivuli kwa kupiga na kutazama.

Kati ya flashi ndogo ya kamera na ile kubwa ya 600, tunaegemea flashi ya studio ya wati-sekunde 200 inayoshuka hadi 1/128, na badala ya kuongeza fedha kwa moja ya 400, nunua mbili za 200 kwa awamu. Mlango wake wa vifaa uwe wa aina ya S ya Bowens. Kampuni hiyo ya Uingereza ilifungwa mwaka 2017, lakini mlango wake umebaki lugha ya pamoja ya softiboksi nyingi. Upimaji wa mwanga wa kujiendesha kupitia lenzi si lazima ndani ya chumba: shati jeupe likiingia kwenye fremu, mfumo unapunguza nguvu, na picha mbili za mtu mmoja zinatofautiana. Umeme wa ukutani au betri? Betri inaondoa waya ambao mtoto au mteja atajikwaa. Umeme hauishi katikati ya kazi, na betri huzeeka hata isipotumika. Kwa chumba kisichohama, umeme una nguvu kidogo zaidi katika mizani hii.

Kila unapoanza kazi, piga fremu moja flashi ikiwa imezimwa, kwa f/8, ISO 100 na 1/160. Itoke nyeusi kabisa. Isipotoka nyeusi, balbu ya chumba au dirisha linachanganya rangi yake na ya flashi. Ukanda mweusi chini ya picha unamaanisha shata imezidi kasi ya ulinganifu (kasi ya juu kabisa ambayo shata bado huwa wazi yote flashi inapowaka), ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Flashi ya zamani iliyookotwa sokoni isiwekwe moja kwa moja juu ya kamera ya kisasa, maana baadhi yake hutoa zaidi ya volti 200 kwenye mguu wake; ifyatue kwa triga ya redio iliyotengenezwa kuhimili volti hizo. Na flashi yoyote iliyokaa miezi kabatini iwashwe kwa nguvu ya chini kabisa, iachwe saa moja, kisha ipandishwe ngazi kwa ngazi ili kapasita ijirudishe taratibu. Ikigoma, mpelekee fundi. Usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa: kapasita yake huweza kubaki na mamia ya volti, na volti hizo zinaua.