Siku Nzima ya KBC Juu ya Paa la Mama Mkwe

Sikukuu ya Jamhuri, mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini, ilinikuta ukweni magharibi mwa Kenya, karibu na soko la Khayega, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Nilikuwa nimeoa miezi minne tu, na nilikuwa nimesafiri kutoka Nakuru kupitia Kericho nikiwa na mkate, sukari, majani ya chai na nia thabiti ya kuonekana mkwe wa maana. Baba mkwe naye hakulala: alikuwa ameipeleka betri ya gari sokoni ikachajiwa mpaka ikajaa pomoni, ili mgeni asikose sherehe katika runinga yake ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Wakati huo stesheni iliyofika kijijini pale ilikuwa KBC, ile ya taifa, peke yake, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa kubadilisha.

Saa nne asubuhi picha ikajaa chenga, tukawa tunaona kofia za wanajeshi zikipita bila vichwa. Baba mkwe aliipiga runinga kofi la ubavu, akaiongeza la pili, kisha akamwamuru kitinda mimba wake apande kuizungusha antena. Kijana huyo alikuwa ameshavaa shati la kwendea mapigano ya fahali. Alinivuta nyuma ya nyumba akaninong'oneza, "Shemeji, nisitiri. Ni dakika moja tu." Mama mkwe na mke wangu walikuwa sokoni. Nikapanda.

Naomba nieleweke. Siku ya harusi mzee mmoja alinikalisha chini akanifundisha adabu za ukweni: usimpe mama mkwe mkono, usikalie kiti chake, usile naye meza moja. Paa hakulitaja, nadhani kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba atazaliwa mkwe wa kulipanda.

Antena ilikuwa imefungwa kwenye mwanzi kwa vipande vya mpira wa tairi, na mpira wenyewe ulikuwa umeoza. Nilipoushika mwanzi na kuugeuza kidogo, baba mkwe alipaza sauti kutoka ndani, "Hapo hapo! Usisogee!" Nilipouachilia, ukainama kama mlevi, naye akapiga kelele. Nikaushika tena. Nilipogeuka kumwita shemeji atafute kamba, nilimwona amefika barabarani na wenzake wawili, wamebeba ngazi mabegani. Walikuwa wakienda kusimama juu yake ili wawaone fahali vizuri.

Kabla sijaamua kama nipige kelele, mama mkwe akaingia uani na wanawake watatu wa kanisani. Nikalala kifudifudi juu ya mabati, mkono mmoja kwenye mwanzi. Nilimsikia akiuliza mkwe yuko wapi, na baba mkwe akajibu kwa uhakika kwamba nimefuatana na vijana kutazama fahali. Kisha kiti kikatoa mlio chini yangu kabisa. Mama mkwe alikuwa amekaa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuitazama KBC kwa masikio. Rais alisoma hotuba rasmi ya Kiingereza, na wanawake wakapiga miayo. Alipoiweka kando na kuingia katika Kiswahili kisichoandikwa popote, nyumba nzima ikanyamaza, kwa kuwa hapo ndipo ungejua nani amekasirikiwa. Zikaja kwaya, kisha ngoma. Kufikia saa saba mabati yalikuwa kikaango. Nilivua shati nikalilalia, nikaweka ndara moja chini ya kila goti, nikahesabu misumari 19 katika mstari mmoja. Kipindi cha kilimo kilipofika, mtaalamu akieleza jinsi ya kuogesha ng'ombe ili kuua kupe, harufu ya kuku ilikuwa ikipanda kutoka jikoni. Kuku huyo alichinjwa kwa heshima yangu. Nilimsikia baba mkwe akisema kwamba, maadamu mgeni amechelewa, firigisi isiachwe ipoe.

Mke wangu aligundua wakati wa katuni. Alitoka kuwamwagia kuku maji, akakiona kivuli changu uani, akainua macho. Nilimfanyia ishara ya ngazi. Akaziba mdomo kwa leso, mabega yakamtetemeka, akarudi ndani, na sikumwona tena.

Kandanda ya Ujerumani ndiyo iliyonitesa zaidi. Baba mkwe alikuwa akimfokea beki, "Rudi nyuma! Rudi nyuma!" nami, niliyekwisha kuzoea kupokea amri, nikarudi nyuma. Nyumba ikalia kwa huzuni. "Huu upepo!" akasema mama mkwe. Nikarudi mbele, goli likawa limeshaingia, na hakuna aliyeliona. Tumaini langu pekee lilikuwa betri, kwani betri ikichoka picha husinyaa pembeni mpaka ibaki ndogo kama kiganja, kisha watu huenda kulala. Lakini ile ilikuwa imechajiwa kwa ajili yangu.

Jua lilipoinama vikaja Vioja Mahakamani, ule mchezo wa kuchekesha wa kesi za kortini. Mshtakiwa alianza kumzungusha hakimu kwa maelezo yasiyo na kichwa wala miguu, na mimi, ambaye sikuwa nimekula wala kunywa, nikajisahau nikacheka kwa sauti. Chini pakawa kimya.

"Ni paka," alisema baba mkwe.

"Paka anacheka?"

Kiti kikatoa mlio tena. Mama mkwe alitoka hadi katikati ya uwanja, akageuka, akaniona nilivyo, kifua wazi, nimekumbatia mwanzi. Hatukusema lolote. Alijifunika leso usoni, kama adabu inavyotaka, akarudi kitini pake.

Saa moja jioni ikaanza taarifa ya habari, na habari ya kwanza ilikuwa Mtukufu Rais kuliongoza taifa katika sherehe za Jamhuri, hotuba ile ile niliyoisikiliza asubuhi kwa tumbo. Katikati yake shemeji akatokea gizani na ngazi begani, akaanza kuiegemeza ukutani. Sauti ya mama mkwe ikamwita kutoka ndani, taratibu, bila hasira yoyote:

"Hiyo ngazi ipeleke jikoni kwanza. Saa tatu kuna habari za Kiingereza, na baba yako anazipenda."