Tumbusi Hana Kalenda

Ikitajwa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, picha ni zilezile: tembo, simba, twiga na jua linalozama. Mtaje tumbusi uone watu wanavyokunja pua. Eti dege la mizoga lile lina faida gani?

India walishajibiwa swali hilo, na hawakulipenda jibu.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 tumbusi walikuwa mamilioni huko. Ng'ombe akifa, watu huchuna ngozi, tumbusi humaliza nyama kabla haijaoza. Asidi ya tumbo lao ni kali kiasi kwamba vijidudu vingi vya maradhi havitoki salama. Usafi wa bure, bila zabuni wala posho za vikao. Kisha wafugaji wakaanza kuchoma ng'ombe sindano za diklofenaki, dawa rahisi ya maumivu. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya sindano, dawa hubaki mwilini, hasa kwenye ini na figo. Tumbusi akiila, figo zake hufeli, asidi ya yuriki, taka ambayo figo zilipaswa kuitoa, huganda kama chokaa juu ya moyo na ini, naye hufa ndani ya siku chache. Watafiti walipopiga hesabu, ilitosha chini ya mzoga mmoja katika kila 100 uwe na dawa ili idadi yao yote iporomoke, kwa sababu kundi zima hula mzoga mmoja, na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Kufikia 2007, tumbusi wa mgongo mweupe walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Mizoga haikupungua. Mbwa koko waliirithi, wakanenepa, wakazaana. Na kichaa cha mbwa India huambukizwa na nani, kama si mbwa? Haya, tuambieni tena ndege huyo hana faida.

Diklofenaki ya mifugo ilipigwa marufuku 2006. Yakaisha? Wapi! Chupa za mililita 30 za dawa ya binadamu zikaingia mazizini, mpaka 2015 ikaamriwa iuzwe kwa dozi mojamoja ya mililita 3. Asekelofenaki, dawa nyingine ambayo mwilini mwa ng'ombe hugeuka kuwa diklofenaki ileile, ilisubiri marufuku hadi 2023, na tumbusi hana kalenda ya kusubiria. Muda wote huo meloksikamu ilikuwepo, inatuliza maumivu na haiui tumbusi. Nakubali, shingo upande, kwamba mfugaji hawezi kumwacha ng'ombe ateseke kwa ajili ya ndege. Ndiyo maana wa kubanwa ni muuza dawa.

(Wapenda wali nao wasijitoe. Virusi vilipoangamiza mpunga Asia miaka ya 1970, kinga ilipatikana kwenye mpunga-mwitu wa India, kitu ambacho shambani kingeng'olewa kama gugu.)

Afrika hatuna hata kisingizio cha tiba. Sisi tunatia sumu kwa makusudi. Juni 2019, Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo watatu. Jangili huwaua kwa sababu wakizunguka angani wanamchongea kwa askari wa wanyamapori. Mfugaji anamtegea fisi mzoga wenye sumu, anaua kundi zima la tumbusi, na kesho yake fisi anarudi. Mzoga wenye sumu hauburutwi kichakani ukaachwa. Huchomwa mpaka uwe majivu, pamoja na kila ndege aliyeanguka kando yake, kwani naye akiliwa anaua.