Sedani ya kibosi ya dizeli kwa bajeti ndogo: tuangalie mwaka au tuangalie injini?

Huu ubishi hauishi. Mtu ana hela ya kununua gari ndogo ya kawaida iliyotumika kidogo, alafu anaona kwa hela ileile anapata Mercedes E-Class, BMW 5 Series au Audi A6 ya dizeli, viti vya ngozi, injini ya lita tatu, na roho inaanza kumwenda mbio. Akiomba ushauri anakutana na kambi mbili. Ya kwanza inamwambia chukua yenye mwaka wa karibuni na km chache kadiri hela inavyofika, hata kama injini ni ndogo. Ya pili inamwambia achana na mwaka, tafuta silinda sita ya zamani kidogo yenye makaratasi yake yote, hata kama imeshatembea km 250,000.

Mi nipo kambi ya pili, ila sio kwa kila mtu, na sio kwa ile hoja ya "magari ya zamani yalikuwa imara" maana mengine yalitoka kiwandani na ugonjwa wake kabisa. Hoja yangu ni kwamba kwenye dizeli ile namba ya km kwenye dashibodi haikwambii mengi mpaka ujue hizo km zilitembewaje.

Kwanza tuulizane kwa nini dizeli. Chukua mfano rahisi, sedani ya petroli ya lita tatu inakula kama lita 11 kwa km 100 na mwenzake wa dizeli anakula 8. Tofauti lita 3. Mtu anayetembea km 40,000 kwa mwaka ameokoa lita 1,200, hiyo ni hela ya kueleweka. Anayetembea km 8,000 ameokoa lita 240 tu, na hizo zote zinaweza kumezwa na nozeli moja ikigoma, bado hujagusa tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini), bado hujagusa flaiwili, lile gurudumu zito la vipande viwili linalokaa na krachi. Kwa hiyo mtu wa km 8,000, tena za kwenda dukani na kurudi, hata asihangaike na ubishi huu, achukue petroli alale usingizi. Najua atasema lakini dizeli ina nguvu kwenye mizunguko ya chini, inavuta vizuri, na ni kweli, Mercedes E320 CDI ya 2003 ina torki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 500 na ukikanyaga unaelewa kwa nini watu wanaipenda. Ila raha hiyo hailipi bili ya fundi.

Sasa kwenye km chache. Dizeli nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina filta ya masizi, yaani DPF. Filta inakusanya masizi, na ikijaa kiasi fulani kompyuta inaongeza dizeli ili moshi upande joto mpaka kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Hilo linahitaji gari iwe kwenye mwendo, imechemka vizuri, kwa dakika kadhaa bila kuzimwa. Mtu anayeishi km 3 kutoka kazini kwake anaizima katikati ya zoezi, kesho anaizima tena, na kwenye injini nyingi ile dizeli ya ziada isiyoungua inapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Ndo unakuta gari ina km 90,000, imeng'aa kama jana, lakini filta imeziba, vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imejaa ugoro mweusi na oili imezidi alama ya juu kwenye dipstiki na inanuka dizeli. Pembeni yake ipo nyingine ya km 240,000 iliyokuwa ya mtu wa safari ndefu, imeanza kupauka kiti cha dereva, na injini yake iko safi. Bei ya ile ya kwanza iko juu, na wanunuzi wanaigombania.

Kambi ya kwanza wana jibu lao hapa na sio la kupuuza, kwamba km nyingi ni km nyingi. Injini ikiwa nzima bado kuna bushi, shokapu, bearingi za magurudumu, gia boksi, mipira iliyokauka, na hivo vyote havijali kama ulikuwa barabara kuu au mjini. Kweli kabisa. Tofauti ni kwamba bushi unaibadilisha mwisho wa mwezi, injini huibadilishi mwisho wa mwezi. Na ukipanga hela vizuri vitu vya chini ya gari unavimaliza kidogokidogo.

Tuje kwenye injini zenyewe maana hapa ndo watu wanaumia, wananunua nembo wanasahau kilichopo chini ya boneti.

BMW 520d ya bodi ya E60 kuanzia Septemba 2007 ina injini inayoitwa N47. Kwenye karatasi ni nzuri mno, nguvu farasi 177 na inakunywa mafuta kidogo kuliko gari nyingi ndogo. Tatizo ni cheni ya taimingi, tena wameiweka nyuma ya injini upande wa gia boksi, kwa hiyo ikianza kulia kuifikia ni kushusha gia boksi au injini nzima, na ikikatika mara nyingi injini imekufa. Zilizotengenezwa miaka ya mwanzo mpaka kama 2011 ndo zinatajwa zaidi. Sasa linganisha na 525d au 530d ya bodi ileile yenye injini ya M57, silinda sita kwenye mstari mmoja, cheni iko mbele na kwa kawaida haisumbui. Ugonjwa wake maarufu ni vile vibao vidogo kwenye manifoldi ya hewa, skrubu zinalegea na kipande kinaweza kumezwa na silinda, lakini mafundi wengi wanavitoa na kuziba matundu, kazi imeisha. Mtu anaogopa 530d kwa sababu ya "lita tatu" anakimbilia 520d, kumbe amekimbia pale palipokuwa na nafuu.

Mercedes nayo ina mambo yake. W211, ile E-Class ya 2002 mpaka 2009, ukipata E220 CDI yenye silinda nne za OM646 umepata kitu cha kazi, haikimbii sana ila ndo injini madereva teksi wa Ujerumani waliitumia mpaka basi. E320 CDI ya mwanzo yenye OM648, silinda sita za mstari, mi naiweka juu ya zote kwenye kundi hili. Baada ya 2005 wakaleta V6 ya OM642, injini tamu, ila sili za kipoza oili ziko katikati ya ile V chini ya tabo, zikianza kuvuja sili zenyewe ni bei ya kutupa lakini kuzifikia lazima ufungue nusu ya injini. Ukikuta imeshafanyiwa na kuna risiti, hiyo ni sifa ya kuongezea pointi. Kitu kingine, W211 za kabla ya maboresho ya 2006 zina breki za umeme zinazoitwa SBC, pampu yake inahesabu idadi ya kukanyagwa na ikifika kikomo inadai kubadilishwa, kwa hiyo lazima uulize imebadilishwa lini. Wakati huohuo wale wa kambi ya mwaka mpya wanakwenda W212, ile E-Class iliyofuata, ya 2009 au 2010 wakidhani wamekwepa matatizo, na ndo hizo E220 na E250 CDI zilizotoka na nozeli za Delphi zilizosumbua mpaka kiwanda kikabadilisha aina ya nozeli. Ukikuta zilishabadilishwa, ni gari nzuri tu.

Audi A6 ya bodi ya C6 nitapita haraka. Lita mbili za mwanzo zina kijishafti cha kuzungusha pampu ya oili ambacho kinalika kona, kikiisha oili haipandi na tabo na injini vinaondoka pamoja. Ile ya lita tatu, 3.0 TDI, ni injini nzuri, cheni nyuma, kwa hiyo sikiliza inapowaka asubuhi. Na ukiona ya kusukuma magurudumu ya mbele yenye otomatiki ya Multitronic, mi ningeiacha hapohapo. Jaguar XF ya dizeli ya V6 ni nzuri ya kutazama mpaka mtu analia, lakini krankishafti zake, yaani shafti kuu ya injini, zina sifa ya kukatika na hiyo sio hatari ya kubeba kwa bajeti ndogo. Volvo S80 D5 haina mbwembwe wala mashabiki wengi, silinda tano, mkanda wa taimingi badala ya cheni, ukibadilisha mkanda kwa wakati inatembea tu, nashangaa kwa nini haizungumzwi.

Sasa niwape kambi ya kwanza haki yao, maana kuna sehemu wanashinda bila ubishi. Sheria za moshi. Kiwango cha Euro 6, ambacho kilianza kwa modeli mpya Septemba 2014, kilishusha NOx (gesi chafu za naitrojeni) ya dizeli kutoka mg 180 kwa km mpaka 80, na kuna miji imeweka mstari hapohapo. London tangu Aprili 2019 dizeli isiyofika Euro 6 inalipia kila siku inapoingia eneo lake la masharti ya moshi. Kama maisha yako yako ndani ya mji wa namna hiyo basi E320 CDI ya 2004 hata uipewe bure itakutesa, na hapo chaguo lako ni 520d ya mwishomwisho mwa 2014 na kuendelea yenye injini ya B47, au E220 ya miaka hiyo iliyofika Euro 6, pamoja na tanki lake la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, pale lilipowekwa. Utalipa zaidi mwanzoni, na kile kimfumo cha AdBlue kina sensa na hita zake zinazopenda kufa, ila hakuna namna. Pia gia boksi ya otomatiki ya kampuni ya ZF ya gia 8 kwenye F10, ile 5 Series iliyofuata E60, ni bora kuliko ile ya gia 6 iliyoitangulia, hilo nakubali. Na kutu. Gari ya miaka ishirini inaweza kuwa na injini ya dhahabu na sakafu ya biskuti.

Kuna hoja ya tatu ambayo kambi zote mbili wanaipita, kwamba silinda sita za bei poa mara nyingi zimepita kwa watu waliozipenda kwa fujo. Programu ya injini imechezewa iongeze nguvu, filta ya masizi imetobolewa katikati ikarudishwa ganda tu. Muuzaji anakwambia kama vile ni zawadi, "DPF nishakutolea". Uingereza kwa mfano tangu Februari 2014 gari iliyotoka kiwandani na filta ikikutwa haina inafeli ukaguzi, na nchi nyingine zina masharti yanayofanana, kwa hiyo zawadi hiyo unaweza kuja kuilipia wewe.

Ukienda kuitazama usikubali kuikuta imeshawashwa. Waambie unataka injini ya baridi, na ukifika weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Iwashe, sikiliza sekunde za kwanza, mlio wa cheni unasikika kama msuguano wa chuma unaotokea nyuma ya injini na ukifuata mzunguko. Fungua mfuniko wa oili ikiwa inaunguruma, mvuke kidogo ni kawaida, upepo wa kusukuma mkono sio kawaida. Alafu fundi achomeke mashine asome nozeli zinajirekebisha kwa kiasi gani kila silinda, filta ina masizi kiasi gani, na km zilizohifadhiwa sehemu nyingine nje ya dashibodi, maana mtu akirudisha nyuma namba ya kwenye saa mara nyingi anasahau kompyuta nyingine, na funguo za BMW za miaka hiyo zinahifadhi km pia. Otomatiki ya ZF uliza oili yake ilibadilishwa lini. Ukijibiwa oili ya gia boksi ni ya maisha, ujue haijawahi kubadilishwa, na ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000.

Kuhusu hela, gari hizi zinashuka bei lakini spea zake zinabaki na bei ya gari ya kibosi. Usimalize bajeti kwenye kununua, bakiza angalau robo, na mi kwa silinda sita ya zamani ningebakiza theluthi. Ukiona theluthi haibaki basi shuka ngazi, badala ya 530d angalia E220 CDI ya OM646, badala ya E-Class angalia Skoda Superb ya dizeli yenye nafasi kubwa nyuma na spea za Volkswagen, hata kama jirani hatageuka kuitazama.

Kwa hiyo mbele yangu wakiniwekea 520d ya 2008 yenye km 120,000 bila risiti ya cheni, na 525d ya 2006 yenye km 260,000 na faili la risiti tangu siku ya kwanza, bei moja, na mi natembea safari ndefu kila wiki, nachukua 525d. Ila ile 520d ikija na risiti kwamba cheni imeshabadilishwa na bei ikapungua kidogo, hapo naomba muda wa kufikiria.