Picha kwenye manila, maneno ya nani?

Tangu mtaala uliobadilishwa mwaka 2007, shule nyingi za msingi vijijini Uganda hufundisha kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu. Darasa la nne ni la kuhamia Kiingereza, na hapo ndipo walimu hukimbilia picha. Wapo wanaowaunga mkono, na wapo wanaolalamika kwamba mtoto anafunzwa kutazama badala ya kusoma.

Watetezi wa picha wana hoja nzito. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Kanada, Allan Paivio, alieleza kwamba akili huhifadhi maneno kwa njia moja na picha kwa njia nyingine, na njia hizo huamshana. Ndiyo maana neno "mbuzi" hukumbukwa upesi kuliko "haki". Mwaka 1974 wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch wakaonyesha jinsi kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshika mambo kwa muda mfupi tunapofikiri, ilivyo na uwezo mdogo. Katika maelezo yao, sauti zina sehemu yake na vinavyoonekana vina yake. Kwa mtoto anayepambana na Kiingereza, ile sehemu ya sauti na maneno imeshajaa. Picha inampunguzia mzigo.

Mwanasaikolojia mwingine, Zenon Pylyshyn, alipinga wazo la picha akilini mwaka 1973: tunachohifadhi, alisema, ni maana, si picha kama ya kamera. Mabishano hayo hayajaisha, ila darasani hoja yake inaonekana wazi: picha bila maana yake haitoshi. Mwalimu anabandika manila, yaani karatasi ngumu ya ukutani, yenye mchoro wa moyo, upande mmoja mwekundu, mwingine wa bluu. Asipoeleza kwamba rangi ni mazoea ya wachoraji tu, mtoto anatoka akiamini ana damu ya bluu. Sehemu zenyewe zimepewa namba, majina yako chini kabisa. Macho yanapanda na kushuka huku maelezo yakimpita. Majina yangeandikwa palepale kwenye mchoro, nusu ya taabu ingekwisha.

(Kuwagawa watoto kuwa "wa macho" na "wa masikio", kama semina nyingi zinavyohimiza, tuache. Mapitio ya utafiti ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwafundisha kwa mgawanyo huo kunasaidia.)

Mimi niko upande wa picha, mradi mwalimu aizungumzie papo hapo. Lakini somo likifika kwenye haki na wajibu wa raia, manila haina la kuonyesha. Hapo dakika tano za lugha ya nyumbani, kama Kisoga au Kiacholi, zinafaa zaidi, hata kama kanuni ya shule ni Kiingereza tu.