Feni Ilinyamaza, Nikaumbuka Mimi

Wadau, kabla hamjaendelea kusambaza ule uvumi wa "kachoma laptopu", njooni kwa mwenye mkasa. Laptopu nzima kabisa. Aliyeungua ni mimi.

Mnaijua feni yangu. Kila kikao cha video inavuma hadi watu wananiuliza napanda ndege saa ngapi. Chanzo ni tabo (turbo, prosesa kujiongezea kasi yenyewe): prosesa ikiruka kwenda gigahezi 4, volteji nayo hupanda, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volteji. Joto hilo, feni hiyo. Nikaamua kuibana. Laptopu yangu ni ya Linux, na kwenye `scaling_max_freq`, faili la kikomo cha kasi cha kila kiini cha prosesa, nikaandika 2000, nikiwaza megahezi.

Faili lile linahesabu kilohezi.

Yaani niliomba megahezi 2! Keneli, moyo wa Linux, haikuleta ubishi, ikanishusha hadi kima cha chini cha prosesa yangu, megahezi 400. Ningelisoma faili kwa `cat` ningeiona 400000 pale pale. Lakini feni ilikuwa kimya, nani asome? Nikaenda mbali zaidi: nikauweka mstari wa `w`, wa kuandika thamani ile ile, ndani ya `/etc/tmpfiles.d`, ujirudie kila nikiwasha. Kwa hiyo nyie wa "zima uwashe", nilizima, nikawasha, na ikarudi vile vile.

Basi kikao kimeanza, skrini yangu iko mbele ya wote, bosi yumo. Kishale kinajikokota. Sauti yangu inakatika. Nikasema kwa madaha, "Naomba sekunde moja." Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, mbele ya kadamnasi:

`echo 2000000 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_max_freq`

Nikabonyeza Enter, na vidole kwa mazoea vikaendelea na paswedi bila kusubiri kuulizwa.

Sasa sikilizeni. `sudo`, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi kwa paswedi, huficha unachoandika ikishaamka. Kwa megahezi 400 ilikuwa bado inajinyoosha. Kwenye skrini ikatokea m. Halafu i. Halafu m. Nikabonyeza kufuta, hakuna kitu. i. n. d. i. Nikatafuta kitufe cha kuacha kuonyesha skrini. Kishale kiko njiani, kinakuja. y. e. b. Mtu mmoja akaanza kusoma kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. o. s. i.

mimindiyebosi

Kimya. Hata feni, safari hii, haikunisitiri. Ndipo `sudo` ikaamka, ikatupilia mbali yote niliyoandika, ikaniomba paswedi upya.

Mengine mnayajua: kikao kiliahirishwa, paswedi nimebadilisha, usiulize.

Ule mstari nimeufuta. Kwa prosesa ya Intel siku hizi nazima tabo tu: `echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`. Hapo ni 1 au 0, hakuna sifuri za kusahau. Wa AMD, jaribuni faili la `cpufreq/boost`, mwandike 0. Ukitaka kubana kidogo tu, weka `balance_power` kwenye faili la `energy_performance_preference`. Feni imetulia, video haikwami, ila kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) kitu kizito kunachukua muda zaidi.

Asubuhi hii nimepata ujumbe kutoka kwa mkuu wa idara: "Bosi, ile ripoti tunaipata lini?"